Kitufe Kilichovuliwa Kitambaa

Saa mbili asubuhi cherehani ya kwanza inaunguruma, ya pili inadakia, na kabla watu hawajamaliza kufunga aproni ukumbi mzima umeshakuwa kelele tupu. Kwenye pembe ya ukumbi, nyuma ya kioo chenye ufa uliozibwa kwa utepe wa gundi, mwanamke mmoja anainamia kibodi ya kompyuta na kuipuliza. Vumbi la nyuzi linaruka. Anapuliza tena, taratibu, kama anayempuliza mtoto jicho.

Kisha anaweka kidole cha mkono wa kulia kwenye karatasi ya vipimo, na mkono wa kushoto juu ya vitufe. Anaanza. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, mtoto mmoja baada ya mwingine. Kipanya hatakigusa mpaka saa ya chai. Kimelala ng'ambo ya meza, kimezungushiwa waya wake mwenyewe kama mbuzi asiyeaminika.

Kibodi yake haifanani na kibodi nyingine. Vitufe vitatu vimebandikwa vipande vya kitambaa vidogo kuliko ukucha, masalia ya meza ya kukatia. Kimoja bluu, kimoja kijani, kimoja kaki. Cha nne, kile cha kona ya chini karibu na kidole kidogo, hakina kitu ila doa la gundi.

"Hicho usikiandike sana," anasema, na kukifunika kwa kiganja.

Jina lake pia aliomba lisiandikwe, tena aliomba kabla hajaulizwa. "Andika kazi tu," anasema. "Kazi haina aibu. Mwenye aibu ni mimi."

Hapa panashonwa sare za shule. Yeye ndiye karani wa vipimo. Shule ikileta agizo, karatasi za vipimo vya watoto hupita mezani kwake, yeye huziingiza kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali hilo likichapishwa ndilo mzee wa kukata huliegemeza mbele yake akachukua chaki na mkasi. Akikosea yeye, mtoto fulani mahali fulani atavaa suruali ya kakaye.

Mtaani kwake wanamwita Mama Kompyuta.

Jina hilo alianza kuitwa na wifi yake, kwa utani. Utani ukaota mizizi. Jirani simu ikigoma, ipelekwe kwa Mama Kompyuta. Redio ikikoroma, aitwe Mama Kompyuta. Naye aliitikia. Aligeuzageuza simu ya mtu, akaitoa betri, akairudisha, akasema, "Betri tu hiyo." Mara nyingi ilikuwa betri kweli.

Alichokuwa hakisemi ni kwamba maandishi ya kwenye kompyuta yake ya kazini hakuwa anayasoma. Menyu yote ni Kiingereza, na Kiingereza hakijui. Aliishia darasa la saba, akaja hapa kutoboa matundu ya vifungo, akayatoboa mpaka siku wakubwa walipoleta kompyuta.

Wakubwa wakileta kitu kipya hupiga nacho picha. Atakayekitumia huwa hayumo kwenye picha. Siku hiyo walikata utepe, wakanywa soda, wakaondoka, na kompyuta ikabaki imekaa kama mgeni ambaye hakuna anayejua anakula nini. Ndipo meneja wa wakati huo akauliza nani ana mwandiko mzuri. Wenzake wakamsukuma yeye.

"Mwandiko," anasema, na kucheka bila furaha. "Kana kwamba kompyuta inaandikwa kwa kalamu."

Mafunzo aliyopewa yalikuwa nusu siku. Kijana aliyeletwa kumfundisha alizungumza na kioo cha kompyuta, hakuzungumza naye. Bonyeza hapa, shuka hapa, bonyeza hapa. Alipouliza hilo neno lina maana gani, kijana alicheka kidogo, akamwambia asijali maneno, ashike tu mahali.

Akashika mahali.

Yale maneno yaliyopangwa juu ya kioo aliyaita milango. Orodha iliyoshuka kila ulipofungua mlango aliiita ngazi. Kupanga majina kwa herufi ilikuwa mlango wa sita, ngazi ya juu kabisa. Kuficha mstari wa mtoto ambaye amekwisha kushonewa, mlango wa tano, ngazi ya tatu, kisha geukia kulia. Kwa miaka sita aliitembea ile menyu kama kipofu anavyoitembea nyumba yake, hagongi hata kiti.

"Sikuwa nasoma, nilikuwa nahesabu," anasema. "Lakini ukinitazama kwa nyuma huwezi kujua."

Kwa kazi hiyo alikuwa anapata nyongeza ndogo juu ya ujira wa watoboa matundu. Nyongeza hiyo ndiyo ilimpeleka binti yake sekondari. Na hapo ndipo penye mwiba.

Binti hafanyi vizuri katika Kiingereza. Kila muhula karatasi ya matokeo ilipofika, mama aliitafuta alama ya somo hilo kwanza, maana tarakimu anazisoma. Akiiona ndogo, alinuna. Alimnunia mtoto wiki nzima, anamwekea chakula bila neno. Akifungua mdomo ni kumwambia, "Ungerithi kichwa changu usingehangaika. Mimi kompyuta nzima iko Kiingereza na sijawahi kushindwa."

Anapoyasimulia haya anaangalia karatasi za vipimo, hamwangalii mwandishi.

"Nilimwambia hivyo," anasema. "Kwa mdomo wangu huu."

Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, hurudi nyumbani kufuliwa nguo akaondoka tena. Aibu inataka mtu wa kuambiwa. Usipokuwa naye, unaiambia sufuria, na sufuria haijibu. Hilo analijua kila aliyebaki na meza yenye kiti kimoja.

Mambo yalianza kwenda kombo wakubwa walipobadilisha programu. Ile ya zamani ilikuwa ya kulipia, mpya ni ya bure, nao bure wanaipenda. Hawakumuuliza, hata kumwambia hawakumwambia. Alikuja Jumatatu asubuhi, akawasha, akakuta milango imeongezeka na ngazi zimechanganyika. Palipokuwa na kupanga majina pakafunguka dirisha ambalo hajawahi kuliona maishani. Alipojaribu kulifunga likafunguka jingine.

Aliizima mashine kwa swichi ya ukutani. Akatoka, akamwambia meneja kwamba kompyuta imepata joto, inahitaji kupumzika. Kesho yake akasema ina kikohozi. Mafundi wa cherehani walicheka, wakamuuliza kama ameshaipa tangawizi. Keshokutwa yake orodha aliziandika kwa mkono, kwa ule mwandiko wake mzuri, na meneja akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Jumamosi kiwanda hufungwa saa saba. Jumamosi hiyo alimwomba binti yake amletee chakula kazini, na binti alipofika, ukumbi ukiwa mtupu na cherehani zimefunikwa mashuka, alimwambia.

Hakumwambia kwa maneno mengi. Alimwonyesha kioo cha kompyuta, akasema, "Nisomee hapa." Binti akasoma. "Na hapa." Binti akasoma tena. Aliposomeshwa neno la nne, mtoto aligeuka akamtazama mama yake, na mama akatazama bakuli la chakula.

"Kumbe tatizo siyo macho," binti alisema.

"Siyo macho, mwanangu."

Hawakuendelea na hilo. Mtoto alivuta kiti.

Binti huyo, ambaye Kiingereza chake kinapewa alama za kusikitisha, alikuwa na cha kutosha kusoma menyu. Akamwambia mama yake kwamba si lazima apite milangoni. Kila amri iliyomo mle ndani inaweza kupewa kitufe chake. Programu yenyewe ina dirisha la kazi hiyo: upande mmoja orodha ya amri zote, upande mwingine orodha ya vitufe vyote, unachagua amri, unachagua kitufe, unakubali. Kuanzia hapo ukishikilia Kontroli ukabonyeza kitufe hicho, amri inatekelezwa, hata menyu wakiihamishia darini.

"Niambie inafanya nini kwa Kiswahili," binti alisema, "nitaitafuta."

Mama akaeleza. Ile inayopanga watoto kwa herufi. Ile inayoficha mstari. Ile inayogandisha kichwa cha jedwali kisikimbie ukishuka chini. Na ile inayofuta mstari mzima, mtoto akihama shule. Akataka zote zikae chini ya mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauondoki kwenye karatasi. Binti akavipanga vitufe, mama akaenda meza ya kukatia akaokota masalia, akakata vipande, akavibandika ili asisahau. Bluu kupanga. Kijani kuficha. Kaki kugandisha.

Kilibaki kitufe cha kufuta mstari. Mama alikuwa ameshika kipande cha rangi ya damu ya mzee, akaonyesha kitufe cha kona, herufi Z, pale pale kidole kidogo kinapolala.

Binti akasita. Dirisha lilikuwa linaonyesha kwamba kitufe hicho kina mwenyewe.

"Hicho kina kazi tayari, Mama. Ni cha kurudisha nyuma ukikosea."

Hakuwa amewahi kusikia kitu kama hicho. Miaka yote sita, alipokosea, alikuwa anaandika upya. Aliwahi kuandika upya darasa zima kwa sababu ya kosa moja, mara ya pili akakosea kwingine, akaandika mara ya tatu. Kijana wa mafunzo hakumwambia. Angeweza kumuuliza binti yake pale pale: kumbe kosa hurudishwa? Lakini alikuwa ameshajivua mengi siku ile, na mtu akivuliwa hushikilia kanga iliyobaki.

"Mimi sikosei hovyo," alimwambia. "Weka."

Binti akaweka.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda kama maji. Mama Kompyuta akawa mwepesi kuliko zamani. Meneja, ambaye ni kijana wa tai na viatu vyenye ncha, alisimama nyuma ya kioo siku moja akatazama ule mkono wa kushoto unavyocheza, akawaambia mafundi wote waige mfano. Vile vitambaa aliviona, akadhani ni urembo.

Kisha likaja agizo la shule moja ya bweni. Orodha zote zilizotangulia tangu programu ibadilishwe zilikuwa zimekuja zikiwa zimeshapangwa kwa herufi. Hii mlezi wa bweni aliiandika kwa kufuata vitanda. Vipimo vikaingizwa hivyo hivyo, kitanda kwa kitanda, na vilipokwisha karani akachagua safu ya majina, akabonyeza bluu.

Kikaruka kisanduku chenye swali.

Vitufe vilikuwa vimemwondolea milango, havikumwondolea maswali. Lile swali alilijua kwa sura tangu programu ya zamani: linauliza kama majina yaende na vipimo vyake au yaende peke yake. Jibu la kwenda pamoja lilikuwa la kushoto. Alibonyeza la kushoto. Katika programu mpya la kushoto ni la kwenda peke yake.

Majina yakapanda na kushuka yakajipanga vizuri, na vipimo vikabaki vimekaa palepale. Kila mtoto akaamka na mwili wa mwenzake. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa safi, majina yanafuatana, tarakimu zimejaa. Akachapisha.

Mzee wa kukata, ambaye ukumbi mzima humwita Babu Mkasi, akakata. Mafundi wakashona. Jedwali likabaki wazi mle mle, kwa kuwa mashine ile ikizimwa huchukua nusu ya asubuhi kuwaka, na hakuna anayethubutu kuizima.

Jumatano mlezi wa bweni alileta watoto kujaribu mashati.

Wa kwanza, kitoto chembamba, alivaa shati likamfika magotini, mikono ikaning'inia mbele kama ya mtu anayelala akitembea. Wa pili, mnene, alipitisha mkono mmoja akakwama, akawa anazunguka ukumbini anasaidiwa. Watoto wakaangua kicheko, mafundi nao wakaficha nyuso. Mlezi wa bweni hakucheka. Meneja akaitwa kutoka ofisini.

Meneja hakwenda kwenye karatasi. Alikwenda kwa mzee.

Alimwambia mbele ya watu kwamba macho yake yamechoka, na kwamba ameliona hilo siku nyingi. Babu Mkasi alikuwa na futi shingoni na chaki nyuma ya sikio. Alisema, "Mimi nakata nilichoandikiwa, bosi. Karatasi ikisema nimpimie ng'ombe, nampimia ng'ombe."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Karatasi imetoka kwa Mama Kompyuta," meneja alisema. "Huyu hakosei. Wewe vua aproni, nenda nyumbani, utaitwa."

Mwenye kuambiwa hakosei alikuwa amesimama mlangoni pa kile kibanda chake cha kioo. Alikuwa ameshaona. Alipoliona shati la kwanza alijua. Shati kama lile lilikuwa la mtoto aliyelala kitanda cha mlangoni, vipimo vyake alivikumbuka.

Aproni ya Babu Mkasi ina mafundo mawili, moja la kiunoni na jingine la shingoni. Mzee akafungua la kiunoni.

"Nilinyamaza," anasema karani. "Nikamwangalia anafungua. Nikasema moyoni, labda atasamehewa kesho. Akaanza la shingoni, bado nimenyamaza. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kutojua Kiingereza siyo kitu."

Meneja, kwa kuwa watu walikuwa wengi na alitaka kuonekana mjuzi, aliingia kibandani akakaa kwenye kiti cha karani. Akamwita mzee aje aone. Akasema atarudisha nyuma hatua moja moja, ili mzee aone kwa macho yake mwenyewe kwamba vipimo vilikuwa sawa tangu mwanzo. Akashika Kontroli, akabonyeza kile cha kona, chenye kitambaa cha rangi ya damu ya mzee.

Mtoto mmoja akatoweka.

Meneja akakunja uso, akabonyeza tena. Akatoweka mwingine. Akabonyeza haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango wa choo, na watoto wa bweni wakawa wanapukutika mmoja mmoja kwenye jedwali.

"Kuna virusi," meneja alisema. "Mashine ina virusi hii."

Virusi wangemwokoa karani. Angeitikia tu, angesema ndiyo bosi, nimeona tangu wiki ile ilipokohoa. Kesho angekuja fundi, angefuta kila kitu, na jina lake la mtaani lingebaki safi. Babu Mkasi alikuwa amekwisha kuivua aproni, anaikunja kwenye kifua, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja kitu cha marehemu.

"Bosi, acha," karani alisema. "Kila ukibonyeza unafuta mtoto."

Meneja akageuka.

"Hicho kitufe nilikigeuza mimi. Hicho chako cha kurudisha sikujua kama kipo." Cherehani zilikuwa zinanyamaza moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila neno lilisikika zaidi ya lililotangulia. "Majina niliyapanga mimi, yakaenda peke yake. Swali liliuliza, sikulisoma. Menyu siisomi, bosi. Kiingereza sijui. Babu hana kosa."

Mtu mmoja kule kwenye ovaloki, mashine za kufunga kingo za nguo, alicheka, akajizuia.

"Miaka yote hii?" meneja aliuliza.

"Miaka yote hii."

Hapo ndipo mlezi wa bweni alipochungulia, akasema kwa mshangao wa kawaida tu kwamba, jamani, watoto wamevaa.

Watu wakatoka kwenda uani. Wakubwa walipokuwa wanagombana ndani, watoto walikuwa wamebadilishana. Mwenye shati kubwa alimpa mkubwa, aliyekwama alimpa mwembamba, wakavuliana na kuvalishana huku wakichekana vitambi, mpaka karibu kila mmoja akawa na shati linalomkaa. Vipimo vyote vilikuwa vya kweli. Vilikosa wenyewe tu. Babu Mkasi alipita katikati yao akivuta mabega na kunyoosha kola, aproni ikiwa bado kwapani.

Kitambaa hakikupotea hata kipande. Watoto waliofutwa kwenye jedwali waliandikwa upya kutoka kwenye karatasi. Hata hivyo karani alipewa onyo mbele ya ukumbi mzima, na akaambiwa atabaki kwenye kiti chake mpaka apatikane mwingine. Hajapatikana, kwa kuwa hajatafutwa. Mwingine angetaka ujira mkubwa zaidi.

Babu Mkasi aliambiwa arudi mezani. Ndivyo alivyoambiwa, rudi mezani, basi. "Yule mkubwa hajaniomba radhi mpaka leo," mzee anasema, huku anapuliza chaki kwenye kitambaa. "Huyu mama kaniomba mara nyingi mpaka nimechoka kusamehe. Namwambia, mwanangu, mimi mwenyewe ile karatasi nilikuwa naiona ina mapacha kwa majina yao, mmoja kifua mara mbili ya mwenzake, nikakata. Nilikuwa na hofu ya kuuliza. Tuko wawili."

Meneja alipoulizwa na mwandishi kwa nini programu ilibadilishwa bila mtu kufundishwa, alijibu kwamba kompyuta ni kompyuta, na kwamba mfanyakazi asiyejua ana wajibu wa kuuliza. Kuuliza si ujinga, hupenda kusema hivyo wale ambao hawajawahi kuchekwa kwa kuuliza. Aliongeza kuwa ana kikao.

Jioni ya siku ile karani alirudi nyumbani akamkuta binti yake jikoni anageuza chakula. Akamweleza yote akiwa bado amesimama, mkoba begani. Mtoto alisikiliza.

"Kile cha kona?" aliuliza.

"Hicho hicho."

Binti akaendelea kugeuza chakula.

"Angesema 'nilikwambia', ningepata pa kukasirikia," anasema mama. "Alinipakulia. Akaniwekea na kijiko."

Jumamosi iliyofuata binti alikuja kiwandani bila kuitwa. Alifungua lile dirisha la kupanga vitufe, akakirudishia kitufe cha kona kazi yake. Kitambaa cha damu ya mzee mama alikibandua mwenyewe kwa ukucha. Gundi ikagoma kutoka. Kufuta mstari sasa anakwenda kwa kupitia mlangoni, polepole, na akifika kwenye neno analisoma kabla hajabonyeza. Siku za mwanzo alikuwa analisoma kwa midomo, na vijana wa ovaloki waliigiza midomo ile. Mtaani habari zilishafika. Wifi yake bado anamwita Mama Kompyuta, ila siku hizi anavuta lile neno la pili.

Halijakwisha. Mtu akipita nyuma ya kioo, bega lake linapanda. Simu mbovu za watu hapokei tena. Akiletewa anasema hajui, na anasema neno hilo kama mtu anayetema mfupa. Msomaji asidhani kwamba kusema ukweli kulimwachia wepesi. Kulimwachia ukweli tu.

Kila Jumamosi saa saba, cherehani zikifunikwa, binti yake anakuja. Wanakaa meza ya kukatia. Binti anachukua chaki ya Babu Mkasi na masalia ya vitambaa, anaandika maneno kumi ya menyu, neno moja kwenye kila kipande. Mama anasoma, anasema maana. Anayoyapata yanakwenda kulia, anayoyakosa kushoto.

Jumamosi iliyopita mwandishi alikuwepo. Kulia vilikaa vipande vinne.

Mama alivitazama. Nne kati ya kumi ni alama ambayo yeye, ikiwa kwenye karatasi ya mtoto wake, alikuwa anainunia wiki nzima. Aliinamisha kichwa akaanza kukusanya nyuzi zilizokuwa mezani, uzi mmoja mmoja, kama aliyeachiwa kazi hiyo.

Binti alivikusanya vipande sita vya kushoto, akavifunga kwa uzi ili visipotee.

"Tutarudia Jumamosi, Mama," alisema.

Mama anasema katika miaka yote ya karatasi za matokeo, neno hilo yeye hakuwahi kulisema. Radhi kwa binti yake bado hajaiomba. Anaitafutia siku. Anataka kwanza awe na cha kumwonyesha.

"Jumamosi nataka nipate tano," anasema.

Anarudi kwenye karatasi ya vipimo. Kidole cha kulia kinashika mstari, mkono wa kushoto unaandika, na kwenye kiuno cha mtoto fulani anakosea tarakimu. Anaiona. Anatazama kama kuna mtu nyuma ya kioo. Kisha kidole kidogo kinateremka mpaka kwenye kitufe chenye doa la gundi, na kosa linarudi lilikotoka.